Fundi Hajakosea, Mchoro Ndio Uliokosea

"Fundi kakosea." Juzi nimeisikia tena, pale Gerezani, Dar, saa sita mchana, jua la utosi. Kijana mwenye shati lililopigwa pasi kamsimamia mzee wa makamo ya baba yake, mkononi ana bamba la jigi la kutobolea, yaani chuma chenye matundu ya kuongoza keekee ili kila bati litobolewe palepale. Mchoro wake kauchora yeye.

"Mzee, tundu la mwisho limehama zaidi ya milimita moja. Umeharibu kazi."

Mzee hakujibu. Alifuta mikono kwa tambara, akachomoa mchoro chini ya kopo la grisi, akanipa mimi. Nadhani aliona nina umri wa kuelewa.

Bamba lina matundu nane kwenye mstari mmoja. Ukingo hadi tundu la kwanza, milimita 25. La kwanza hadi la pili, 25. Halafu 25, 25, 25, kama mabehewa. Pembeni chini, kwenye kisanduku cha maelezo, imeandikwa ISO 2768-m. Nikamwuliza kijana hiyo maana yake nini. Akasema, "Kaka, hiyo huwa ipo kwenye templeti."

Huwa ipo! Haya, tuisome basi. Ni kiwango cha kimataifa kinachosema kipimo kiruhusiwe kukosea kiasi gani pale mchoro usipotaja, na hiyo m ni daraja la kati. Kwa daraja hilo, kipimo cha 25 kinaruhusiwa kuzidi au kupungua 0.2. Kila kimoja, na viko vinane. Hesabu ya dukani hiyo: tundu la mwisho lina ruhusa ya kuhama 1.6 kutoka ukingoni na kazi ikabaki halali kabisa. Tukachukua venia, kile kifaa cha kupimia vipande vya milimita, tukapima mbele yake. Hapa 25.1, pale 25.2, pale tena 25.1. Hakuna nafasi hata moja iliyovuka mpaka. Zikijumlishwa, zimezidi 1.1. Mzee alipima tundu hadi tundu kwa sababu mchoro ulimwambia apime tundu hadi tundu.

Kijana angeandika 25, 50, 75 mpaka 200, vyote kutoka ukingo mmoja wa kuanzia, kosa la tundu la tatu lingebaki kuwa la tundu la tatu. Lisingerithiwa na la nne, la tano, na ukoo mzima. Na kwa 200 daraja hilohilo linaruhusu 0.5 tu. Karatasi ileile, fundi yuleyule, bila kuongeza hata shilingi. Na hili ni jigi, jamani! Shafti moja ikiharibika umeharibu shafti moja. Jigi likihama, kila bati litakalopita chini yake litatobolewa kombo, mia kwa mia, kwa uaminifu mkubwa.

Nakubali, shingo upande, kuna kazi ambazo umbali wa tundu na jirani yake ndio wenye maana. Hapo panga vipimo vyako mnyororo, tundu hadi tundu. Lakini jigi linaloegemea pini ukingoni si mojawapo, na aliyelichora ndiye aliyeiweka hiyo pini.

Kinachoniuma ni kwamba mafundi wetu wamezoea kutuokoa mpaka tumesahau kwamba tunaokolewa. Mpelekee fundi lezi, yule wa mashine ya kukereza, wa Dar mchoro wa shafti ya beringi 6204, ambayo tundu lake ni milimita 20, umeandika "20" peke yake. Kwa templeti yako hiyo, 19.8 ni sahihi, na beringi itacheza kama pete ya kuazima. 20.2 nayo ni sahihi, na beringi haiingii hata kwa nyundo. Fundi anafanyaje? Anakwambia, "Lete beringi yenyewe." Anakereza, anajaribisha, anakereza tena. Wewe unarudi ofisini unasema mchoro wako ulikuwa mzuri.

Halafu kuna wachoraji wengine wanaoandika toleransi, yaani ruhusa ya kukosea, ya 0.01 kila mahali, hadi kwenye kona ambayo haigusani na kitu. Bei ikitajwa wanasema fundi mwizi.

Ndiyo, wapo mafundi wanaopima kwa jicho na kuapa kwa jina la Mungu. Nimeshalia nao. Ila hata huyo, utamkamataje kama mchoro wako haukusema kitu cha kumkamatia?

Siku ile niliishia kumwambia kijana akachore upya, na gharama ya chuma cha pili ailipe aliyechora. Alinuna. Mzee alicheka kidogo tu, akamwambia, "Mwanangu, we lete tu, tutatoboa."

Jana usiku mchoro mpya umeingia kwenye simu. Vipimo vimeanzia ukingo wa kushoto, 25, 50, 75, safi kabisa, nikaanza kujisikia mwalimu. Mpaka nilipofika tundu la nane. Hilo kalipima kutoka kulia, na urefu wa bamba hajauandika.

Nimempigia mara mbili, hapokei.