Mwanamke akijua moyo unaua, imetosha?

Mwaka 1997 wanawake wa Marekani waliulizwa ni ugonjwa gani unaoua wanawake wengi zaidi. Asilimia 30 tu waliutaja ugonjwa wa moyo. Kampeni zikapamba moto, ikiwamo ile ya mavazi mekundu iliyoanza 2004, na kufikia 2009 waliojua walikuwa asilimia 65. Swali hilo likarudiwa 2019: asilimia 44. Walioporomoka zaidi ni wanawake weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na vijana.

Wenye kampeni wanasema sauti ilififia, basi ipazwe tena. Hoja yao ina uzito. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu hubeba karibu theluthi ya vifo vya wanawake duniani, na asiyejua kwamba yuko hatarini hakimbilii hospitali. Chukua mama wa miaka hamsini na ushee anayeamka alfajiri na uzito kifuani, jasho jembamba na kichefuchefu. Anasema ni gesi. Anameza dawa ya tumbo, anamalizia kukunja nguo, kisha anajilaza "kidogo tu". Saa tatu zinapita, na msuli wa moyo uliokosa damu unazidi kufa.

Wanaowapinga wanauliza: na akifika hospitali, je? Wangapi wameambiwa ni wasiwasi, ni uchovu, ni umri umefika? Mwaka 1991 Dkt. Bernadine Healy, daktari wa moyo aliyekuwa akiongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alilalamika kwamba mwanamke hutibiwa sawa na mwanamume pale tu anapoonyesha kwamba anaumwa kama mwanamume. Hata tafiti zilimsahau: ilibidi sheria ya 1993 ilazimishe wanawake waingizwe kwenye majaribio ya tiba yanayogharimiwa na taasisi hizo. Kumwambia mgonjwa ajielimishe wakati anayempima hajaelimika ni kumtwisha mzigo usio wake.

Mimi naegemea huku. Ila kuna kauli moja ambayo pande zote mbili huipenda, nami inanitia shaka: kwamba dalili za mwanamke ni "tofauti". Ni kweli wanawake, kuliko wanaume, huja pia na maumivu ya taya au mgongo, kichefuchefu, pumzi kukata. Lakini maumivu au mbano wa kifua ndiyo dalili kuu kwao pia. Tukilitilia mkazo taya kupita kiasi, yule mama wa alfajiri atasema: hili la kifuani ni la wanaume.

Tofauti kubwa zaidi naiona kwenye vihatarishi, na huko hatuendi mara nyingi. Presha, kisukari, lehemu (mafuta kwenye damu) na sigara tunavijua, ingawa wachache wanajua kwamba sigara na kisukari huuongezea moyo wa mwanamke hatari kuliko wa mwanamume. Yanayosahaulika ni ya uzazi. Aliyepata kifafa cha mimba, au dalili zake za awali za presha kupanda, hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye huwa kama maradufu. Kisukari cha ujauzito nacho huacha alama, na hedhi kukoma mapema vilevile. Mtoto akizaliwa salama, kila mtu hupumua na faili hufungwa.

Ndiyo maana asilimia zile za 1997, 2009 na 2019 hazinisisimui sana. Mtu anaweza kujibu swali la takwimu sawasawa na asijue presha yake ya mwezi huu. Kumuuliza mgonjwa "presha ilipanda ukiwa mjamzito?" hakuhitaji mashine wala maabara. Kadi ya kliniki huenda ilishapotea, lakini mwenyewe anaikumbuka ile wiki aliyolazwa, miguu imevimba hadi viatu vikagoma kuingia. Miaka ishirini imepita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ilikuwa habari ya moyo wake.