Kinachovuta Jicho ni Kivuli

Kila ghorofa jipya la vioo linapoinuka Dar es Salaam au Nairobi, mabishano hurudi palepale. Wapo wanaosema mji umependeza, na wapo wanaolilia nyumba za kale za matumbawe, chokaa na milango ya nakshi, wakisema ugeni na urefu ni hadaa tupu. Mimi niko na hawa wa pili, ila hoja yao ina tundu, na tundu lenyewe liko Forodhani, Unguja.

Beit el Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1883, haikuvuta macho kwa ukale. Ilikuwa ngeni kuliko kila kilichoizunguka: nguzo za chuma kutoka ng'ambo, kisha taa za umeme na lifti. Ndiyo maana ikaitwa nyumba ya maajabu. Anayesema ugeni na urefu ni hadaa tupu anaikana hata hiyo.

Lakini ugeni huchuja. Umeme ukaenea mitaani, na bado watu walisimama kuitazama. Walitazama nini? Nasema kivuli. Roshani pana zilizunguka kila ghorofa. Jua la alasiri likapenya mshazari kati ya nguzo, na juu ya ukuta mweupe kivuli kikawa kinasogea taratibu hadi magharibi. Mlango wa Kizanzibari ni vivyo hivyo. Usogelee: ua la yungiyungi limechimbwa ndani ya mbao, kila petali ina upande wa mwanga na upande wa giza. Bila kina hicho ungebaki ubao.

Kioo hakina kina. Adhuhuri kinakurudishia jua machoni, na waliomo ndani wanategemea kiyoyozi. Usiku, taa zikiwaka, kinapendeza kwa mbali. Hilo nakubali kabisa.

Wala zege si adui. Jumba la mikutano ya kimataifa la KICC, Nairobi, lililofunguliwa 1973, lina ghorofa 28 za rangi ya udongo wa mfinyanzi, na mikunjo ya zege inayoshika kivuli kama nakshi.

Hoja nzito ya wapenda vioo ni nyingine: uzuri wa kale una gharama. Maji yakipenya chokaa, boriti za mikoko huoza kimyakimya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Sisi tunaotaka majengo haya yasimame tudai pia fundi chokaa alipwe kila mwaka, hata ukuta unapoonekana mzima.