Acheni kufunga waya wa breki kwenye mandolini

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa Igoma aliniletea mandolini yake, ala ndogo ya nyuzi jamaa ya gitaa, imeviringishwa kwenye kanga kuukuu. "Shikamoo mwalimu. Hii mandolini inakataa kutyuni, nadhani imekufa." Nikaifungua. Kati ya nyuzi nane, tatu zilikuwa nyaya za breki ya baiskeli, mbili zilitoka kwenye gitaa la umeme, moja ilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Mbili zilizobaki zilikuwa za mandolini kweli, ila zimeshika kutu hadi zinakwaruza kidole. Chombo chenyewe kilikuwa kizima. Shingo imenyooka, kifua hakina ufa, vigingi vinazunguka vizuri. Kijana alijinyima miezi mingi kukinunua, halafu akakinyima kitu pekee kinachotoa sauti.

Nimeliona hili mara nyingi hapa Mwanza, na linaniuma kila mara. Watu wanaachana na mandolini wakidhani wamenunua kifaa kibovu au vidole vyao havifai. Vingi vya vifaa hivyo nimevifungia nyuzi zinazostahili, vikaamka siku hiyohiyo.

Waya wa breki naujua. Wengi wetu tulianzia kwenye gitaa la debe lililofungwa nyaya hizo, na sitamcheka mtoto anayeanza hivyo. Lakini gitaa la debe unalityuni popote sauti inapokubali. Mandolini ina mahali pake: G, D, A, E kama fidla, na kila noti ina nyuzi mbili pacha. E ya juu hutetemeka mara 659 kwa sekunde. Kwa urefu wa uzi wa mandolini, kama sentimita 35 kutoka kibao cha shingoni (kile chenye mifereji, karibu na vigingi) hadi kwenye daraja (kijiti kinachobeba nyuzi kifuani), kufika huko kunakitaka chuma kivutwe karibu na ukomo wake. Waya wa muziki hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye uimara wa pekee kwa ajili hiyo. Waya wa breki mara nyingi hukatika kabla haujaifikia E, na ukiwa karibu na jicho ni hatari.

Hapa kuna jambo ambalo watu hubishana nami kila nikilisema: uzi mnene zaidi hauponyi tatizo la E kukatika. Ni kweli uzi mnene ni imara zaidi, lakini pia ni mzito zaidi, kwa hiyo lazima uvutwe zaidi ili ufike E ileile. Uimara na mvuto vinapanda pamoja, hakuna ulichokiokoa. Kama E yako inakatika kila wiki, tazama inakatikia wapi. Ikiwa ni mahali palepale kila mara, pana ncha kali: kwenye mfereji wa kibao cha shingoni, kwenye daraja, au kwenye tundu la kigingi. Lainisha kwa msasa mwembamba, kisha pitisha ncha ya penseli kwenye mfereji ili uzi uteleze. Nimetibu mandolini tatu kwa penseli na kipande cha msasa.

Mshipi nao una hadithi yake. Wapigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, upande wa Mara hufunga nailoni ya wavuvi siku hizi mahali ambapo wazee walifunga mishipa ya ng'ombe, na nyatiti ina nyuzi nane vilevile, basi watu wanaona hakuna ubaya kuhamishia mshipi kwenye mandolini. Ubaya uko kwenye uzito. Kwa unene uleule, nailoni ni nyepesi karibu mara saba kuliko chuma, kwa hiyo ukiityuni kwenye noti ileile inavuta karibu moja ya saba tu. Nyatiti imeundwa kwa mvuto huo, ngozi yake inaitika. Kifua cha mandolini ni ubao unaosubiri kusukumwa na chuma. Ukiufungia mshipi, unanong'ona.

Sasa niseme lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni upacha. Kwenye gitaa, uzi mmoja mbaya ni noti moja mbaya. Kwenye mandolini, uzi mbaya unaharibu na mwenzake. Ukisimama Mwaloni Kirumba alfajiri, wakati mitumbwi miwili ya injini inaingia pamoja, utasikia muungurumo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa sababu injini mbili hazizunguki sawasawa. Nyuzi pacha zilizoachana hufanya hivyohivyo: moja ikitetemeka mara 659 na nyingine 661, utasikia mawimbi mawili kila sekunde, na kwaya nzima itakuangalia. Uzi usio na unene sawa toka mwanzo hadi mwisho utakubali kutyuniwa ukiwa wazi, halafu ukibonyeza freti ya saba (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni) pacha wanaachana. Hakuna sikio wala programu ya simu inayoweza kurekebisha hilo.

Kwa hiyo nikisema uzi bora nina maana ya uzi uliovutwa sawasawa kiwandani, ukafanana na pacha wake. Kabla ya kumlaumu muuzaji au chombo, funga jozi, zityuni zikiwa wazi mpaka zisikike kama uzi mmoja, kisha panda freti ya tano, ya saba, ya kumi na mbili. Zikiendelea kuwa moja, una nyuzi nzuri. Zikianza kugombana, badilisha mmoja, usihangaike na vigingi usiku kucha. Kipimo hiki ndicho kilichonionyesha pakiti feki niliyowahi kuuziwa, imeandikwa jina kubwa, karatasi inang'aa, waya uliozungushiwa G umeachana mapengo unayoweza kuyaona kwa macho.

Unene nao ni suala ambalo nililipia gharama. Mandolini yangu ya kwanza niliachiwa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ile ya mtindo wa Naples, mgongo wake mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa, nyepesi mkononi kama ganda. Muuzaji wa duka moja mjini akaniambia nyuzi nene ndizo zenye sauti. Nikafunga seti ya kati, ile inayoanzia inchi 0.011 na kuishia 0.040. Seti ya namna hiyo, nyuzi zote nane kwa pamoja, huvuta karibu kilo 80: mfuko wa saruji na zaidi ya nusu ya mwingine. Masika yalipokwisha, kifua kilikuwa kimezama chini ya daraja na ufa umefuata nyuzi za mbao. Fundi seremala aligandisha ufa, lakini ile sauti haikurudi.

Mandolini za mgongo wa kibuyu, hasa za zamani, zinahitaji nyuzi nyembamba sana, kuanzia 0.009 hivi. Uzi mmoja wa E wa 0.011 huvuta kama kilo 10 na nusu, wa 0.009 kama kilo 7. Tofauti hiyo zidisha kwa nyuzi nane. Mandolini za mgongo bapa, za mtindo uliokuzwa na kampuni ya Gibson kule Marekani, huvumilia seti ya kati, na zile zilizojengwa imara huipenda. Kama hujui yako ni ipi, anza na nyembamba. Unaweza kuongeza baadaye, lakini kifua kilichozama hakipandi.

Tatizo la kweli la Mwanza ni kwamba pakiti iliyoandikwa mandolini ni adimu, na ikipatikana huwa imeletwa na basi kutoka Dar, unaisubiri Nyegezi stendi. Nyuzi za gitaa zipo. Hapo nina ushauri ambao umenisaidia miaka mingi. Nunua pakiti mbili za nyuzi za gitaa la kawaida, lisilo la umeme, za seti nyembamba inayoanzia 0.010 na kuishia 0.047. Ndani ya kila moja utakuta 0.010, 0.014, 0.023, 0.030, 0.039 na 0.047. Seti nyembamba ya mandolini ni 0.010, 0.014, 0.024 na 0.038. Linganisha mwenyewe. Ukichukua ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano kutoka kila pakiti, una nyuzi nane, pacha kwa pacha, kutoka kiwanda kimoja. Zinazobaki mpe mpiga gitaa.

Kuna kazi ndogo ya kufanya. Uzi wa gitaa una kipete kidogo cha shaba mwishoni, na mandolini nyingi hutaka kitanzi kitupu cha kunasa kwenye kibati cha mkiani. Funika kipete kwa kitambaa ili vipande visikurukie, kibane kwa koleo mpaka kipasuke, kitoe taratibu. Kitanzi kinabaki. Usiukate uzi ukajaribu kukisokota upya kwa mkono, utafyatuka.

Kuhusu madini sina maneno mengi. E na A ni chuma kitupu, D na G zimezungushiwa waya. Bronzi ya 80/20, yaani shaba 80 na zinki 20 kwa mia, inang'aa ikiwa mpya na kupooza mapema. Bronzi ya fosforasi, iliyoletwa sokoni na kampuni ya D'Addario mwaka 1974, sauti yake ina joto zaidi na hudumu muda mrefu zaidi kidogo. Hiyo ndiyo naipenda kwa kwaya. Kiwanda cha Thomastik-Infeld cha Vienna hutengeneza zilizozungushiwa waya bapa, laini kwa vidole, ghali mno. Nilizipiga mara moja tu kwenye mandolini ya mgeni na bado nazikumbuka.

Na tafadhali tuache kulisingizia ziwa. Nasikia kila siku eti hewa ya ziwa inakula nyuzi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Chumvi inayokula nyuzi za wenzetu wa Zanzibar hapa haipo hewani. Unyevunyevu upo, masika hasa, lakini chumvi tunaileta wenyewe kwa jasho la vidole. Nawa mikono kabla ya kupiga, na ukimaliza futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu. Nyuzi zangu hukaa miezi mitatu, na ninapiga kila wiki.

Yule kijana nilimwambia asing'oe nyuzi zote kwa mpigo. Daraja la mandolini halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi zenyewe. Ukizitoa zote linahama na noti zote zinapotea mahali pake. Tukabadilisha uzi mmoja mmoja, kuanzia G, nikimshikia taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Tulipofika E ya pili akageuza uso pembeni akitarajia itakatika. Ikapanda, ikapita D, ikapita D kali, ikatua palepale na pacha wake. Akapiga jozi ile peke yake, akaisikiliza mpaka ikaisha, akapiga tena. Nyaya za breki alizikunja akaziweka mfukoni, akasema atazirudisha kwenye baiskeli ya kaka yake.