Asilimia 85 ya Man City na asilimia 85 ya Everton

Mwezi Novemba 2025 klabu 20 za EPL zilipiga kura kuizika PSR, ile kanuni ya kuzuia hasara ya klabu isizidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na watu wengi wakashangilia maana ile kanuni ilishamchosha kila mtu. Kuanzia msimu wa 2026/27 inaingia nyingine inaitwa SCR ambayo kwa lugha rahisi inasema hivi, jumlisha mishahara ya wachezaji na kocha, gharama za usajili na hela za mawakala, ikizidi asilimia 85 ya mapato yako ya mpira pamoja na faida uliyopata kwenye kuuza wachezaji basi una kesi. Kura 14 zilisema ndiyo, 6 zikasema hapana. Mimi niko upande wa wale sita, na sababu yangu iko kwenye hesabu.

Chukua msimu wa 2023/24. Man City waliingiza kama pauni milioni 715, Everton wakaingiza kama milioni 187. Piga asilimia 85 kwa wote wawili, City wanaruhusiwa kutumia zaidi ya milioni 600, Everton hawafiki hata 160. Wako ligi moja, wanacheza mechi 38 zilezile, halafu mtu anakwambia kanuni ni sawa kwa wote kwa sababu asilimia ni ileile jamani.

Najua atatokea mtu aseme UEFA wana kiwango chao cha asilimia 70, kwahiyo timu kubwa zinazocheza Ulaya zinabanwa zaidi kuliko hizi ndogo. Kweli kabisa, ila asilimia 70 ya 715 bado ni milioni 500, mara tatu ya Everton, na hapo hujahesabu kwamba kucheza Ulaya kwenyewe ndiko kunakoleta hela nyingine za kukufanya urudi tena Ulaya msimu unaofuata.

Na pengo hili halitoki kwenye TV kama wengi wanavyodhani. Msimu huohuo wa 2023/24 mgao wa ligi kwa City ulikuwa kama pauni milioni 176 na Sheffield United walioburuza mkia wakapata kama milioni 110, sasa hiyo ni tofauti ndogo sana kwa bingwa na timu iliyoshuka daraja. England kwenye hilo nawapa heshima yao. Pengo linatengenezwa na wadhamini, jezi, viingilio na Ulaya, na hapo kwenye wadhamini na sisi tumo maana mdhamini analipa kwa sababu timu inatazamwa Dar, Nairobi, Kampala mpaka Bujumbura. Visit Rwanda walipoingia kwenye mkono wa jezi ya Arsenal 2018 walifuata macho ya dunia nzima, yakiwemo ya kwetu. Kila mtu huku ni Arsenal, Man U, Liverpool, Chelsea, basi mkwanja unaenda hukohuko na chini ya SCR mkwanja huo unageuka moja kwa moja kuwa ruhusa ya kusajili.

Everton siwataji kwa bahati mbaya. Hawa tumewaona kwa macho, Julai 2017 walikuja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, Rooney ndio kwanza karudi nyumbani akapiga lile bao la mbali, wakashinda 2-1. Walikuja kwa sababu SportPesa ndio alikuwa kifuani kwenye jezi yao. Ule ulikuwa mfano mzuri wa timu ya kati inayojaribu kuongeza mapato, wakatafuta mdhamini Afrika Mashariki, wakaanza kujenga uwanja mpya kuachana na Goodison waliyokaa tangu 1892. Halafu 2022 vita ya Ukraine ikaondoa hela za udhamini za kampuni za Usmanov, bilionea wa Urusi, hasara zikapita ile milioni 105 ya miaka mitatu kwa milioni 19.5, Novemba 2023 wakakatwa pointi 10, rufaa ikashusha zikawa 6, na Aprili 2024 wakaongezewa kukatwa 2 nyingine. Walisajili ovyo miaka ile, hilo siwatetei, waliowanunua kwa bei kubwa na kuwaacha waondoke bure ni wengi. Ila ukitaka kupanda unatakiwa utumie kabla hujapata, na kanuni zote hizi, ya zamani na mpya, zinamruhusu kutumia yule ambaye ameshapata.

Kitu kinachoniuma zaidi ni vijana wa akademi. Kihesabu ukinunua mchezaji kwa milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, kwenye vitabu inaandikwa milioni 10 kila mwaka. Ukimuuza kijana uliyemlea mwenyewe, hela yote inaingia siku hiyohiyo kama faida tupu, kwa sababu hukumnunua. Sasa mwisho wa Juni 2024 Newcastle walikuwa wamebanwa, mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 30, na wamiliki wao ni mfuko wa serikali ya Saudia wenye hela kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Wakamuuza Elliot Anderson kwenda Nottingham Forest kwa dau la kama milioni 35. Huyu ni mtoto wa hukohuko Tyneside, yupo klabuni tangu ana miaka minane, kila shabiki wa Newcastle alikuwa anamuona kama mwanae. Upande wa pili akaja kipa Vlachodimos kwa dau la kama milioni 20 na msimu ule hakupata hata mechi moja ya ligi. Mwaka mmoja baadae Anderson anaichezea timu ya taifa ya England, akiwa Forest! Na chini ya SCR faida ya kuuza wachezaji bado inahesabiwa, kwahiyo mtoto wa nyumbani ataendelea kuwa wa kwanza kuuzwa kila hesabu zikibana.

Siku hiyohiyo ya kura kulikuwa na pendekezo lingine ambalo lilikataliwa na halikupata kelele yoyote huku kwetu. Lilisema hivi, chukua hela za mgao wa ligi anazopata timu ya mwisho, zidisha mara tano, hicho ndicho kiwango cha juu kwa timu yoyote, uwe City uwe Bournemouth. Kwa namba za Sheffield United ni kama milioni 550. Hicho sio kiwango cha kumuonea mtu, karibu timu zote wala zisingekigusa, kingemgusa mmoja au wawili wa juu kabisa. Chama cha wachezaji kilipinga kwa sababu ya mishahara na naelewa hofu yao, lakini lile ndilo pendekezo pekee mezani lililokuwa linamtazama mkubwa badala ya kumpa ulinzi.

Sisemi kusiwe na kanuni. Portsmouth waliingia ufilisi 2010 wakiwa EPL, Bury walifukuzwa kwenye ligi 2019, mji mzima ukabaki bila timu, na wafanyakazi wa kawaida ndio walioumia. SCR pia ina zuri lake, mambo kama ya Chelsea kuziuzia hoteli zao kampuni dada ili vitabu vikae sawa hayatawasaidia tena maana hiyo haihesabiwi kama hela ya mpira. Ila kuzuia timu isife ni kitu kimoja na kuizuia isikue ni kitu kingine. Mmiliki mwenye hela taslimu, anayeweka hela zake kama hisa na sio deni, akaweka na dhamana benki ya kulipa mikataba yote hata akiondoka, huyo anahatarisha nini? Mruhusuni atumie, na lile pendekezo la mara tano lirudishwe lipigiwe kura upya. Everton sasa wana uwanja wa watu zaidi ya 52,000 pale bandarini Liverpool, mapato yatapanda, na hata yakipanda kwa nusu nzima bado hawatafika nusu ya City.