Utafiti huu ni wa mwenye makato, si wa tajiri

Kuna mwandishi aliyedai kwamba mhadhiri wa chuo anayemaliza maisha yake kuchunguza masoko ya hisa na wawekezaji wakubwa anawatumikia matajiri. Sikubaliani naye hata kidogo. Hapa Tanzania wawekezaji wakubwa ni akina nani? Ni mifuko ya hifadhi ya jamii: NSSF, na PSSSF iliyoundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Fedha zao ni ule mstari wa makato kwenye hati ya mshahara ya mwalimu na nesi.

Mwaka 1968 mchumi Michael Jensen alichapisha utafiti kuhusu mifuko 115 ya uwekezaji ya Marekani, kwa takwimu za 1945 hadi 1964. Akaonyesha kwamba kwa wastani mameneja waliolipwa kuchagua hisa hawakumshinda mtu ambaye angenunua soko zima na kutulia, hata kabla ya kutoa gharama zao. Huyo alimtumikia tajiri gani?

Kwetu kazi hii ni ngumu zaidi, na nawaheshimu sana wanaoifanya. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara 1998 na kampuni zake bado ni chache. Kuna hisa zinazokaa siku kadhaa bila kuuzwa, kwa hiyo bei unayoisoma leo ni ya zamani, na fomula zilizotungwa kwa soko la New York zinakwama hapo hapo. Lazima mtu akae nazo miaka.

Vyuo viwape muda huo. Na mifuko iwafungulie vitabu: ilinunua nini, lini, kwa bei gani.