Mawe yangu 64

Kabla sijaanza, anayekula aweke sahani pembeni kwanza, nisije nikalaumiwa.

Mi nilikuwa yule mtu. Yule ambaye ukimwambia kichwa kinauma anakuuliza leo umekunywa maji lita ngapi, na ukitoa kidonge anakusomea kile kikaratasi cha ndani ya boksi kuanzia kichefuchefu mpaka kifo. Sasa tumbo langu likaanza visa, nikila vitu vya mafuta najaa gesi, napata maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, mke wangu akanisukuma weee mpaka nikaenda hospitali nikapigwa ultrasaundi. Mama daktari akaangalia, akasema kifuko cha nyongo kiko safi, hakuna jiwe hata moja, punguza mafuta na uache kula usiku wa manane. Basi. Hakuniandikia hata dawa, na hapo ndo nikamshuku kabisa, nikajua huyu anaficha kitu. (Akiandika dawa anafanya biashara, asipoandika anaficha. Kwangu hakuwa na pa kutokea.)

Nikampigia shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye kwenye mambo ya kusafisha mwili ni profesa asiye na chuo. Akacheka sana. "Shemeji, mashine zao hazioni mawe laini. Hayo dawa yake ni kuyasukuma." Akanitumia voisi ya dakika 11. Siku nzima unashinda na juisi ya tufaha tu, jioni unakunywa chumvi ya haluli, unarudia tena, halafu usiku nusu glasi ya mafuta ya zeituni na nusu glasi ya maji ya limau, unatikisa, unagida yote umesimama, kisha unalala ubavu wa kulia bila kutikisika dakika 20 ili mawe yapate njia.

Hebu nisimame hapo kwenye haluli. Ni magnesiamu salfeti, ikifika kwenye utumbo inavuta maji kuyaleta humo humo, na maji yakishajaa huwa hayaombi ruhusa. Mtu mwenye akili angeshtuka kwenye jina tu, maana haluli tangu enzi za mabibi ni dawa ya kuendesha. Mi nilichosikia ni neno "asili".

Nikanywa. Mafuta yalishuka kama kamasi ya jitu. Nikalala ubavu, mikono kifuani kama maiti, na naapa nilisikia mawe yanatembea, nikamwambia mke wangu sikia, yanaondoka, akasema hiyo ni njaa. Dakika ya 14 sikumaliza zile 20. Usiku ule sitausimulia, itoshe kusema kuna saa nilikuwa nimekaa kule msalani nimeegemeza kichwa ukutani naomba msamaha kwa watu ambao hata sijawakosea.

Alfajiri yakatoka. Kijani, ya mviringo, laini, mengine kama njegere, mengi kama zabibu, yanaelea. Jamani furaha niliyopata! Nikachukua chujio la chai (mke wangu, kama unasoma hii, lile chujio halikupotea) nikayavua yote nikayasafisha nikayahesabu. 64. Chupa ya jemu ikajaa mpaka mabegani. Nikaiweka kwenye friji, kwa sababu ushahidi lazima utunzwe, na miadi ya kumrudia yule mama daktari ilikuwa baada ya siku tatu.

Siku ya pili mama mkwe akaja. Mi nipo chumbani nasikia friji inafunguliwa, nasikia mfuniko wa chupa unafanya tki, halafu nasikia droo ya uma. Sijawahi kukimbia ndani ya nyumba namna ile. Nimfikie, uma uko hewani na jiwe langu la pili kwa ukubwa liko kwenye ncha yake, sentimita chache toka mdomoni, nikamnyang'anya. Mama mkwe! Mtu ambaye hata kumtazama usoni huwa najifikiria! Nikabaki nimekumbatia chupa nahema. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Mkwe wangu, kwani zeituni ni kitu gani? Hata kwangu zilikuwepo, tena nyingi kuliko hizo." Ningemwambia nini? Nikasema samahani mama, hizi zimeharibika. Akanuna mpaka anaondoka, na mke wangu akaniambia kwa upole ule wa kutisha kwamba hiyo chupa ikilala tena humu ndani, mi nalala nayo nje.

Siku ya miadi nikafika hospitali mapema nimeikumbatia chupa kama mtoto. Foleni ndefu, jua linapiga dirishani, nikaiweka pale kwenye kizingiti cha dirisha ili kila mtu aone vizuri, na nikaanza kuhutubia. Niliwaambia aspirini chimbuko lake ni gome la mti wa wilo, kweli. Niliwaambia dawa ya malaria ya artemisinini imetokana na mmea uliotumika China tangu kale, na yule mama aliyeichimbua, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015, kweli pia. Mpaka hapo sikuwa nimedanganya mtu. Ila hakuna aliyeniuliza kama Tu Youyou alipima kwanza au alitumiwa voisi na shemeji yake. Nikaendelea, nikasema sasa tazameni wenyewe, walisema sina mawe, haya ni nini? Kuna mama akachukua daftari akaanza kuandika vipimo. Kijana mmoja akapiga picha. Nilijisikia kama nimezaliwa kwa ajili ya siku ile.

Saa moja na nusu hivi nahutubia nimewaelekea watu, dirisha liko nyuma yangu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akanyoosha kidole taratibu.

"Mwanangu, mawe yako yanavuja."

Nikageuka. Chupani kulikuwa na uji wa kijani, mzito, unang'aa kwa mafuta, na katikati kijiwe kimoja cha ukubwa wa zabibu kinazama polepole kama meli. Nikakiangalia mpaka kikaisha. Na jina langu likaitwa hapo hapo.

Mama daktari hakucheka, na ndicho kilichoniuma zaidi. Alinusa mbele ya chupa, akauliza, "Mafuta ya zeituni?" Nikaitikia. "Na limau?" Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti.

"Baba, jiwe gani linayeyuka dirishani?" Akanieleza kwamba mafuta yakifika tumboni vimeng'enya vinayapasua yanakuwa asidi za mafuta, zikikutana na potasiamu ya kwenye limau... "Mafuta na potasiamu vinatengeneza nini?" Nikanyamaza kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Sabuni." Na ule ukijani ni nyongo tu imepaka rangi. Wala sikuwa wa kwanza, mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa habari ya mama wa miaka 40 aliyeleta mawe yake vile vile, wakayapima wakakuta hayana vile vitu vya kwenye mawe ya kweli, hayana kolesteroli, hayana bilirubini (rangi ya nyongo), hayana kalisiamu, wakayapasha kwa nyuzi 40 yakageuka mafuta ya kijani ndani ya dakika 10. Mi jua lilichukua saa moja na nusu, kwa hiyo labda yangu yalikuwa bora kidogo, nikataka kusema hivyo nikajizuia.

Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Mrija wa nyongo upana wake ni kama milimita 6, kifuko chenyewe kinabeba mililita 50 hivi, sasa hii karibu robo lita ulikuwa umeihifadhi wapi? Na zile za zabibu zilipitaje bila wewe kupiga yowe? Kisha akabadilika sauti, akasema ungekuwa na mawe ya kweli, ile glasi ya mafuta ingekiminya kifuko, jiwe likakwama kwenye mrija, na leo usingeingia humu kwa miguu. Hapo nikaacha kujitetea. Tukarudi kwenye ushauri ule ule wa mwanzo, punguza mafuta, usile usiku. Nilipotoka yule mama wa daftari akanidaka, "Limau moja au mawili?" Nikamwambia mama, chana hiyo karatasi.

Nyumbani mke wangu alisikiliza mpaka mwisho akasema tu, "Kwa hiyo umekaa na njaa siku nzima, umeumwa usiku kucha, ili utengeneze sabuni." Akaingia jikoni. Nilimsikia akicheka huko na bomba limefunguliwa.

Usiku shemeji akapiga. "Enhe, yalikuwa mangapi?" Nikamweleza yote, sabuni, jua, mzee wa foleni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakubali, yeye alitoa 112, tena magumu, na angenithibitishia ila chupa yake ilipotea mwezi uliopita kabla hajampelekea mtu, akahisi kuna mtu kaitupa.

Nikakaa sawa kitandani.

"Shemeji," nikamwambia taratibu, "wewe si bado unaishi kwa mama?"

"Ndiyo."

"Hiyo chupa ulikuwa umeiweka wapi?"