99.9999% ya Nini, na Katika Maji Gani?

Karibu kila kichujio kidogo cha kubeba porini kina namba kubwa kwenye boksi lake: 99.9%, 99.99%, vingine hadi 99.9999%. Mnunuzi anaziona tisa zimejipanga foleni, moyo unatulia, analipa. Mimi nashikilia kwamba namba hiyo haijasema kitu mpaka ijibu maswali matatu: ni vijidudu gani vilivyozuiwa, wapimaji walitumia maji ya namna gani, na kichujio chenyewe kilikuwa kimeshachuja lita ngapi siku ya kipimo.

Tuanze na hizo tisa. Maabarani watu hawahesabu kwa asilimia, wanahesabu kwa logi, na kila logi moja ni kugawa kwa 10. Chukua maji yaliyotiwa bakteria 10,000,000 katika kila mililita 100, kiwango kilichowekwa kwenye mwongozo wa kupima vifaa vya kusafisha maji uliotolewa mwaka 1987 na EPA, shirika la mazingira la Marekani. Kichujio cha 99.9% kitaacha bakteria 10,000 wapite. Cha 99.9999% kitaacha 10. Kwenye boksi ni tisa tatu zimeongezeka, lakini kwenye kikombe chako ni tofauti ya mara elfu.

Mwongozo huo unadai logi 6 kwa bakteria, logi 4 kwa virusi na logi 3 kwa sisti (vijidudu vikiwa ndani ya ganda gumu) za protozoa, yaani vijidudu vya seli moja kama Giardia. Itifaki ya NSF P231, utaratibu wa upimaji wa shirika la viwango la NSF la Marekani, imejengwa juu yake. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu 2014, lina mpango wake wa kupima vifaa vya kusafisha maji nyumbani, na kifaa cha nyota tatu, daraja la juu kabisa, lazima kifike logi 4 kwa bakteria, 5 kwa virusi na 4 kwa protozoa. Ona kwamba kila kundi lina hesabu yake. Sababu ni ukubwa wa vijidudu. Cryptosporidium, ambayo ni protozoa, ina upana wa mikroni 4 hadi 6 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), bakteria wa E. coli ana unene wa karibu nusu mikroni, na virusi vingi havifiki hata mikroni 0.1. Vichujio vingi vya nyuzi zenye uwazi ndani vina vitundu vya mikroni 0.1 au 0.2. Bakteria anakwama, kirusi anapita bila hodi. Kwa hiyo boksi linalotangaza 99.9999% ya bakteria na kunyamaza kuhusu virusi halijadanganya, ila limekuachia wewe kazi ya kugundua kilichonyamaziwa.

Virusi hivyo vinapimwaje? Hapa pananivutia sana. Mara nyingi maabara hutumia MS2, kirusi kinachoshambulia bakteria tu, kisichomdhuru binadamu. Upana wake ni takribani mikroni 0.027, kwa hiyo kama kichujio kinaweza kukizuia hicho, kina nafasi nzuri mbele ya vile vinavyotuumiza. Maji yaliyochujwa huchanganywa na bakteria na kumwagwa kwenye kisahani cha petri. Kesho yake bakteria wameota wakatanda kisahani kizima kama ukungu, na kila mahali kirusi kimoja kilipotua pana kiduara kitupu ambapo bakteria wamekufa. Mtu anakaa na kuhesabu viduara hivyo. Tisa za virusi za kwenye boksi zinatokana na hesabu hiyo.

Kuna hatua nyingine ndogo ambayo ni rahisi kuipuuza. Vichujio vingine vimetiwa madini ya fedha yanayoua vijidudu, na vifaa vingine hutumia klorini au iodini. Maji yakishatoka, dawa iliyobaki ndani yake inaendelea kuua vijidudu kwenye chupa ya sampuli, njiani kuelekea kwenye kisahani. Ndiyo maana mpimaji makini huizima dawa hiyo papo hapo kwa kemikali nyingine, kwa klorini mara nyingi ni thiosulfeti ya sodiamu. Asipofanya hivyo, kifaa kitasifiwa kwa kazi iliyofanyika baada ya muda ambao mnywaji angekuwa ameshameza.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ukipima kichujio kwa maji safi ya uvuguvugu, umekipa mtihani wa darasa la kwanza. Mwongozo wa EPA unataka pia maji yenye mtihani mgumu: baridi ya nyuzi joto 4 za Selsiasi, tope lisilopungua NTU 30 (kipimo cha ukungu wa maji), chumvi zilizoyeyuka za miligramu 1,500 kwa lita, na mabaki ya mimea yaliyooza kwa mfano wa asidi ya humiki. Kila kimoja kina kazi yake. Baridi hupunguza nguvu ya klorini na iodini. Mabaki ya mimea yanaila klorini kabla haijavifikia vijidudu. Tope linaziba vitundu, na mtumiaji anayeona maji hayatoki huanza kukandamiza kwa nguvu zote. Maji ya porini baada ya mvua ndivyo yalivyo. Mtengenezaji anayeonyesha matokeo ya maji safi peke yake, kwangu mimi, hajakipima kichujio anachoniuzia.

Swali la umri linaendana na hilo. Upimaji wa haki huchukua vichujio vitatu kutoka kwenye uzalishaji wa kawaida, siyo kimoja kilichochaguliwa, na sampuli huchukuliwa mwanzoni, katikati na mwishoni mwa lita zilizoahidiwa, tena baada ya kichujio kuachwa na maji ndani kwa saa 48. Usomapo ripoti, tafuta namba ya mwisho wa maisha yake kwanza. Na angalia maneno: kusema kifaa "kimepimwa kwa kufuata" itifaki fulani siyo sawa na kusema kimethibitishwa na chombo huru. Kwenye kauli ya kwanza mtengenezaji huenda alijichagulia mwenyewe sehemu za mtihani.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlimani na kichujio cha nyuzi nilichokiamini. Usiku nilikiacha nje ya hema kikiwa na maji ndani, kikaganda. Asubuhi kiliyeyuka, nikakamua, maji yakatoka meupe na kwa kasi kuliko jana yake. Nilifurahi, nikampa na mwenzangu. Siku chache baadaye tulikuwa tunaharisha wote wawili. Siwezi kuapa kwamba kichujio ndicho kilichotuponza, lakini nilichojifunza baadaye kilinitisha: barafu hupasua nyuzi zilizolowa, na maji yanayoanza kutoka haraka ghafla ni dalili ya ufa. Kiwandani wanaweza kuusaka ufa kwa kusukuma hewa kwenye nyuzi zilizolowa na kutazama kama mapovu yanatoka. Kule mlimani sikuwa na namna ya kuuona, na ripoti ya maabara ilihusu kichujio kisicho na ufa, siyo kile nilichokuwa nimekishika.

Siku hizi, kukiwa na dalili ya baridi kali, nakikung'uta maji, nakitia kwenye mfuko wa plastiki na kulala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo.